Karatasi ya Fitzjames Haitoshi

Kila inaposikika kwamba wanaakiolojia wanakwenda kupima kambi ya zamani ya wavumbuzi huko Aktiki, huibuka swali lilelile: wanakwenda kutafuta nini? Wavumbuzi wenyewe waliandika. Vitabu vyao vipo na ramani zao zipo. Fedha ziende kwingine.

Maoni haya yameenea, na wanaoyashikilia wana sababu zao. Wanasema maofisa wa majini waliolala kwenye barafu miezi tisa au kumi walikuwa watu wa kalamu, walioamriwa kuandika kila siku upepo, joto, mahali walipo na nani anaumwa. Pili, kambi hizo zilikwisha kutembelewa tangu karne ya 19, na kila kitu cha maana kilichukuliwa na kuwekwa makumbusho. Tatu, barafu ni mlinzi: kilichokaa miaka 150 kitakaa mingine 150, kwa hiyo hakuna haraka. Mwisho, kambi hizo zina makaburi, na maiti wana haki ya kupumzika. Sina haja ya kuzipunguza nguvu hoja hizi ili nizishinde. Nitazichukua kama zilivyo, na nitazipima kwa msafara unaotajwa zaidi ya mingine yote, ule wa Sir John Franklin.

1. Kwamba waliandika

Franklin aliondoka Uingereza Mei 1845 na meli mbili, Erebus na Terror, kutafuta Njia ya Kaskazini-Magharibi juu ya Kanada. Walipoiacha Greenland walikuwa watu 129. Hakurudi hata mmoja. Baridi yao ya kwanza waliipitisha katika Kisiwa cha Beechey, kipande kidogo cha mawe na kokoto kando ya Kisiwa cha Devon.

Katika msafara wote huo, uliojaa maofisa waliosoma, taarifa yenye maana iliyopatikana nchi kavu ni karatasi moja. Aliiokota Luteni William Hobson wa msafara wa McClintock, uliokwenda kumtafuta Franklin, mwaka 1859, ndani ya rundo la mawe kwenye Kisiwa cha King William. Ni fomu ya kuchapwa ya jeshi la majini, iliyojazwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Mei 1847, kwa mwandiko wa James Fitzjames, nahodha wa Erebus chini ya Franklin. Inasema wote ni wazima, na kwamba walipitisha baridi Beechey mwaka 1846 hadi 1847.

Mwaka huo si sahihi. Kule Beechey kuna makaburi matatu ya watu wa msafara. John Torrington alikufa tarehe 1 Januari 1846, John Hartnell tarehe 4 Januari 1846, William Braine tarehe 3 Aprili 1846. Tarehe zimeandikwa kwenye vibao vya makaburi. Vibao hivyo vilionekana 1850, miaka tisa kabla ya karatasi kupatikana, na ndiyo maana karatasi ilipofika London ilionekana mara moja kuwa imekosea. Ofisa mwenye elimu, akiwa bado hai na mkubwa wake Franklin bado hai, aliandika mwaka usio sahihi wa baridi aliyoiishi mwenyewe. Walioisahihisha ni mafundi walioweka vibao juu ya makaburi ya mabaharia wa kawaida.

Na hayo maneno "wote ni wazima"? Mwanaanthropolojia Owen Beattie na wenzake walipoyafungua makaburi yale mwaka 1984 na 1986, walimkuta Torrington, kijana wa miaka 20 aliyekuwa akichochea moto wa injini ya Terror, akiwa na uzito usiofika kilo 40. Mapafu yake yalikuwa yameharibika. Braine, askari wa majini, naye alikuwa amekonda kiasi hichohicho, na mwili wake ulikuwa na alama za meno ya panya, dalili kwamba haukuzikwa upesi. Watatu walikufa katika miezi mitatu ya baridi ya kwanza, ingawa meli ziliondoka na chakula cha miaka mitatu. Hakuna kati ya haya kinachosomeka kwenye fomu. Fomu haikutengenezwa ili kusema haya. Ilitengenezwa ili ofisi ijue meli iko wapi, na neno "wazima" lilikuwa la kujaza nafasi. Anayesema waliandika kila kitu hajajiuliza waliandika kwa ajili ya nani.

Sisemi kwamba kila mvumbuzi mwenye shajara ni wa kutiliwa shaka. Gerrit de Veer, aliyelala na Willem Barentsz kwenye nyumba ya magogo huko Novaya Zemlya katika baridi ya 1596 hadi 1597, aliandika kwamba waliliona jua tarehe 24 Januari, kama wiki mbili kabla ya siku ambayo hesabu iliruhusu. Wasomi walimbishia kwa miaka mingi. De Veer alikuwa mkweli: tabaka za hewa baridi huupinda mwanga wa jua lililo bado chini ya upeo wa macho. Lakini aliyemtetea hakuwa msomaji mwingine wa kitabu chake. Alitetewa na watu waliokwenda kulipima anga lenyewe.

2. Kwamba vitu vilikwisha kuokotwa

Hoja hii naiona kuwa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inaligeuza kosa kuwa sababu ya kutolirekebisha.

Agosti 1850 meli kadhaa za kumtafuta Franklin zilikutana Beechey. Watu wa Kapteni Erasmus Ommanney waliliona rundo la mawe juu ya kisiwa. Watu wa William Penny, nahodha wa wavua nyangumi, waliyaona makaburi. Palikuwa na mamia ya makopo ya chakula yaliyojazwa kokoto na kupangwa. Palikuwa na mabaki ya karakana na tanuri la mhunzi, na glavu zilizoanikwa na kuwekewa mawe ili upepo usizibebe. Wale watafutaji walitaka kitu kimoja tu, karatasi. Walilibomoa rundo la mawe na kuchimba chini yake, na karatasi hawakuipata. Makopo yalisambazwa. Mwaka 1852 watu wa Inglefield, mtafutaji mwingine, walilifungua kaburi la Hartnell, wakaliharibu jeneza na kuondoka na bamba lake. Mwaka huohuo meli ya North Star ilitia nanga hapo, na wafanyakazi wake wakajenga ghala lililoitwa Northumberland House. Kwa hiyo pwani moja ina kambi ya Franklin, kambi za waliomtafuta, ghala la waliowatafuta, na takataka za wote waliofuata.

Hapo ndipo upimaji unapohitajika, na hapo ndipo watu wasemao "vilikwisha kuokotwa" hawajafika. Kopo lililo kwenye kabati la makumbusho linatuambia fundi wa London alilitia lehemu vipi. Kopo lililo mahali lilipoachwa, likiwa limepimwa umbali wake na mahali pa moto, pa hema na pa kaburi, linatuambia watu walikula wapi, wakikaa pamoja au mbalimbali, na kama chakula kilitupwa kabla ya kuisha. Likishaondolewa bila kuandikwa lilikuwa wapi, hilo la pili limepotea na halirudi.

Nyumba ya Barentsz iliangukia msiba huohuo. Elling Carlsen, mwindaji wa sili kutoka Norway, aliikuta Septemba 1871, karibu miaka 275 baada ya kuachwa, na ndani yake saa, vyombo vya kupikia, vitabu na zana. Akabeba alichoweza kubeba. Wengine walifuata 1875 na 1876. Vitu hivyo viko Amsterdam leo na watu hupanga foleni kuvitazama. Timu ya Warusi na Waholanzi ilipofika kuichunguza nyumba katika miaka ya 1990, ilikuta magogo ya msingi na vipande vilivyotapanyika. Kaburi la Barentsz, aliyekufa Juni 1597 akiwa safarini kurudi kwa mashua, halijapatikana mpaka sasa. Makumbusho yamepata saa. Swali la jinsi watu 16 walivyogawana chumba kisichofika mita nane kwa sita, kwa miezi ile, limebaki na mchoro wa kitabuni.

Kuna hasara nyingine ya vitu kukaa mbali na mahali pake: hadithi nyepesi huchukua nafasi ya jibu. Beattie alipokuta kiwango kikubwa cha madini ya risasi kwenye miili ya Beechey, dunia nzima ilikubali mara moja kwamba lehemu ya makopo ndiyo iliyowaua. Bado husikika hivyo kwenye filamu na vitabu vya watoto. Utafiti uliochapishwa 2018 ulilinganisha mifupa ya waliokufa Beechey na ya waliokufa baadaye Kisiwa cha King William. Kama sumu ya makopo ndiyo iliyoumaliza msafara, walioishi zaidi walipaswa kuonyesha dalili zaidi. Matokeo hayakuunga mkono hilo. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu watu walikuwa wamerudi kwenye kambi baada ya kambi, miaka mingi baada ya dunia kuamini kwamba jibu limepatikana.

3. Kwamba ushahidi ni wa walioandika

Hoja hii husemwa kwa nadra waziwazi. Iko chini ya zote, na gharama yake ndiyo niliyoiona kubwa kuliko zote.

Mwaka 1854 daktari John Rae, aliyejua kutembea Aktiki kwa njia za Wainuit, wenyeji wa huko, alileta habari London. Wainuit walimweleza kwamba Wazungu wapatao 40 walionekana wakiburuta mashua kuelekea kusini, kwamba walikufa kwa njaa, na kwamba mwishoni walikula miili ya wenzao. Rae alinunua kwao vijiko na uma vya maofisa wa Franklin kuwa ushahidi. Habari ikachapishwa magazetini. Desemba mwaka huo mwandishi Charles Dickens, katika jarida lake Household Words, aliishambulia kwa nguvu zote. Hakuwa na ushahidi mwingine. Hoja yake ilikuwa kwamba maofisa wa majini wa Uingereza hawawezi kufanya hivyo, na kwamba neno la Wainuit si la kuaminiwa. Akafikia hata kudokeza kwamba wao wenyewe ndio waliowaua. Wengi waliosoma walikubali. Franklin akajengewa sanamu. Wainuit walioona kwa macho wakabaki na sifa ya uongo, na baadhi yao na tuhuma ya mauaji.

Hivyo ndivyo dunia inayoamini karatasi pekee inavyofanya kazi. Hapakuwa na karatasi inayosema kinyume cha Wainuit. Palikuwa na ukimya wa karatasi, na ukimya ule ukahesabiwa kuwa hoja.

Mapema miaka ya 1990 eneo moja la Ghuba ya Erebus, pwani ya Kisiwa cha King William, lilipimwa na kukusanywa kwa utaratibu. Anne Keenleyside na wenzake walichapisha matokeo 1997. Kati ya mifupa ipatayo 400, 92 ilikuwa na alama za kukatwa kwa kisu cha chuma. Mwaka 2024 wanaakiolojia wa Kanada walitangaza kwamba taya moja lenye alama hizo limetambuliwa kwa vinasaba, kwa kulinganishwa na ndugu wa ukoo aliye hai. Lilikuwa taya la James Fitzjames.

Ni yule Fitzjames aliyeijaza fomu. Yeye ndiye pia aliyeandika sehemu kubwa ya ujumbe wa pili kwenye karatasi ileile, Aprili 1848: Franklin amekufa 11 Juni 1847, maofisa tisa na watu 15 wamekufa, meli zimeachwa, waliobaki 105 wanaondoka kesho kwenda kusini kwenye mto. Kuanzia hapo kalamu yake haisemi tena. Yaliyompata baada ya hapo tunayajua kutoka kwa mfupa wake na kutoka kwa Wainuit, na viwili hivyo vinakubaliana.

Hata meli zilikuwa vivyo hivyo. Karatasi inasema ziliachwa kaskazini-magharibi ya Kisiwa cha King William. Wainuit walisema tangu karne ya 19 kwamba meli moja ilizama mbali zaidi kusini, sehemu wanayoiita Utjulik, na kwamba kulikuwa na dalili za watu ndani yake. Charles Francis Hall aliandika mengi ya maneno yao katika miaka ya 1860, akisaidiwa na wakalimani wawili Wainuit, mume na mke, Ebierbing na Tookoolito. Louie Kamookak wa kijiji cha Gjoa Haven, kwenye Kisiwa cha King William, alitumia maisha yake kuyakusanya upya kutoka kwa wazee. Septemba 2014 Erebus ikapatikana upande ulekule. Miaka miwili baadaye Sammy Kogvik, naye wa Gjoa Haven, aliwaambia watafutaji kwamba aliwahi kuona kitu kama mlingoti umechomoza kwenye barafu, akawapeleka, na Terror ikapatikana katika ghuba yenye jina la meli hiyohiyo. Miaka 160 ya kuwauliza maofisa waliokufa, na jibu lilikuwa kwa watu waliokuwa wakivua samaki hapo.

4. Kwamba barafu italinda

Haitalinda. Ardhi iliyoganda inayeyuka juu, pwani zinamomonyoka, na bahari iliyokaa wazi muda mrefu zaidi ya zamani inapiga kwa mawimbi makubwa zaidi. Erebus iko kwenye kina cha mita kama 11 tu, na wapiga mbizi wa Kanada waliorudi 2018 walikuta sehemu ya sitaha ya juu imekwisha kuhamishwa na bahari. Kuhusu Beechey, meli za watalii hushusha watu pale kila kiangazi ili wapige picha kwenye vibao vya makaburi. Vibao wanavyovipiga picha ni nakala. Vya asili viliondolewa ili visiharibike. Hakuna haja ya kusema zaidi.

5. Kwamba maiti waachwe

Hoja hii naiheshimu. Uso wa Torrington, macho yake yakiwa nusu wazi, umechapishwa kwenye magazeti na majalada ya vitabu kupita kiasi, na sijui kama kuna aliyemwuliza mtu wa ukoo wake. Kama hiyo ndiyo akiolojia, basi anayeikataa ana haki.

Lakini upimaji wa kambi haulazimu kufungua kaburi. Kazi kubwa ni kupima juu ya ardhi: kila duara la mawe ya hema, kila kipande cha mbao na kioo, kuchora, kupiga picha kutoka angani, kutenganisha safu ya 1846 na ya 1852. Na wanaotaka maiti waachwe hawajaeleza ni nani anawaacha. Kaburi lisilopimwa na lisilolindwa haliko katika amani. Liko mikononi mwa atakayefika kwanza, kama lile la Hartnell mwaka 1852.

Tena heshima ina upande wa pili. Hartnell alizikwa na shati lenye herufi TH na mwaka 1844. Herufi hizo si zake. Ni za ndugu yake Thomas, aliyekuwa naye kwenye meli ileile, na inaelekea ndiye aliyemvika. Thomas naye hakurudi. Katika msafara uliotukuzwa kwa majina ya manahodha watatu, shati hilo ni moja ya vitu vichache vinavyotuambia jambo lolote kuhusu baharia wa kawaida na nduguye. Kuwaacha watu kama hawa bila kuulizwa, kwa sababu maofisa wao wamekwisha kuandikwa, si kuwaheshimu.

6. Na sasa tunasubiri droo

Mwaka 2019 roboti ndogo iliingia ndani ya Terror na kuonyesha sahani zimepangwa rafuni, na katika chumba cha nahodha wake, Kapteni Francis Crozier, meza ya kuandikia yenye droo zilizofungwa. Tangu siku hiyo mazungumzo yote yamegeukia karatasi zinazoweza kuwa ndani. Nasikia ikisemwa tena: tungoje, zikisomeka, maswali yatakwisha, na kazi ya kwenye kokoto za Beechey na King William haitakuwa na maana.

Natamani zisomeke. Lakini watu wa 1850 walikuwa na tamaa hiyohiyo, na kwa ajili yake walilibomoa rundo la mawe la Beechey. Karatasi za Crozier zikipatikana zitakuwa za Crozier, zilizoandikwa kwa ajili ya wakubwa wake, na kila sentensi yake italazimika kulinganishwa na kitu kisichoandikwa na yeye. Kama kambi za nchi kavu zitakuwa zimeliwa na mawimbi na kukanyagwa na wageni kufikia siku hiyo, hatutakuwa na cha kulinganisha nacho. Fedha za kupima nchi kavu zinatakiwa sasa, kabla ya droo, na ziwaajiri Wainuit wa Gjoa Haven wa kuzipima. Wao tayari hupiga kambi karibu na meli hizo kila kiangazi kuzilinda, na vitu vinavyotolewa humo ni mali ya Wainuit pamoja na Kanada.